Tembe la Kwihara na Bweni Letu



Katika mkutano wetu wa mwaka huu tutatakiwa kuamua jambo ambalo kwa baadhi yetu litaonekana dogo. Bweni la zamani, lile lililo nyuma ya bwalo, limechakaa. Limetolewa pendekezo kwamba michango yetu itumike kulibomoa na kujenga jipya mahali pale pale. Mimi nililala humo miaka miwili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, wala sitawadanganya kwamba lilikuwa zuri. Lilivuja. Hata hivyo, kabla hatujanyosha mikono, nawaomba twende kwa mawazo hadi Kwihara.

Sisi tuliosoma Tabora tulipelekwa Kwihara walau mara moja. Ni kilometa chache tu kutoka mjini, na yamkini wengi wetu twakumbuka maembe ya njiani kuliko maneno ya mwalimu. Tuliambiwa, "Hii ndiyo nyumba ya Livingstone." Tukaandika katika madaftari yetu, tukarudi shule tukiwahi chakula.

Nilipofika Chuo Kikuu na kusoma zaidi, nikatambua kuwa sentensi ile ilikuwa nusu ya habari. Nyumba haikuwa ya Livingstone. Ilikuwa nyumba ya Waarabu wafanyabiashara wa Unyanyembe, nao waliwakaribisha humo wageni wao. Stanley alifikia hapo mwezi Juni 1871. Mwezi Agosti mwaka huo, majeshi ya Mtemi Mirambo yalipoushambulia mji wa Tabora, Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta zake akingoja kushambuliwa. Mwezi Februari 1872 alirejea kutoka Ujiji akiwa na Livingstone. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani, na mzee yule akabaki kungoja wapagazi na vifaa. Alingoja zaidi ya miezi mitano, mpaka tarehe 25 Agosti. Ndiyo maana nyumba ikapewa jina lake.

Lakini tukio kubwa zaidi la Kwihara, kwa maoni yangu, lilitokea mwaka uliofuata. Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili huko huko, maana njia ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Watu ambao vitabu vingi viliwaita watumishi tu walimkatalia ofisa wa Kiingereza, wakaubeba mzigo wao hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwili ulizikwa London tarehe 18 Aprili mwaka huo. Kati ya wale walioubeba, aliyesafiri nao hadi Uingereza ni mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika huko baadaye, mazishi yamekwisha.

Hapa ndipo penye somo, ndugu zangu. Kuhifadhi nyumba ni kuchagua. Tembe lile limebeba jina la mgeni aliyelala humo miezi michache. Mwenye nyumba, mafundi waliokandika kuta, akina mama waliotwanga nafaka na wapagazi walioshinda uani hawakuandikwa mlangoni. Hata hivyo, kwa kuwa nyumba ipo, mtoto wa shule aweza kusimama pale akauliza, "Na hao wengine je?" Mahali pasipo na nyumba, hata swali halizaliwi.

Isitoshe, jengo tunaloliona Kwihara leo lilijengwa upya katika miaka ya 1950. Tembe ni udongo na miti. Mvua na mchwa hawajui historia. Kulihifadhi si kulifunga kufuli, bali ni kulikandika tena na tena. Kadhalika nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, Dar es Salaam, aliyoishi wakati wa harakati za TANU, ambayo sasa ni makumbusho. Ukiingia ndani wastaajabu jinsi ilivyo ndogo, na huo udogo wafundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi kufundisha.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya Serikali. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na hatuna budi kuambiana kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa iwapo Waziri atayatangaza. Bweni letu ni la wakati wa Waingereza. Hakuna atakayelikumbuka tusipolikumbuka sisi.

Wapo pia watakaosema kwamba vijana wanahitaji vitanda, si kumbukumbu. Nakubali kabisa. Kwa hiyo sisemi bweni zima libaki. Naomba chumba kimoja tu, kile cha mwisho upande wa magharibi, kiezekwe upya na kuachwa na vitanda vyake vya chuma na mlango wake uliochorwa majina. Kitumike kuwa chumba cha kujisomea, maana chumba kisichotumika hufa upesi.

Na ukutani tusibandike picha za waheshimiwa peke yao. Tuandike pia majina ya wapishi, walinzi na mzee aliyekuwa akigonga kengele saa kumi na moja alfajiri. Sisi tuliolishwa na kuamshwa nao bado twayakumbuka majina hayo. Miaka ishirini ijayo hatakuwapo wa kumwuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kupiga kura, mimi nitanyosha mkono kwa ajili ya chumba hicho. Nawaomba nanyi mnyoshe wenu.