Wenyeji wetu nao walikuwa wakimbizi

Wenzetu wa Lobule, Imvepi na Rhino Camp, kuna swali tunaulizana sana jioni: nikikaa nje miaka 5 au 10, nyumbani bado ni kwangu? Shamba la baba litakuwa la nani? Sehemu ya jibu iko hapa hapa tunapokaa, maana watu wa Arua na Koboko nao walikuwa wakimbizi.

Idi Amin aliangushwa Aprili 1979. Oktoba 1980 askari wake wa zamani waliingia kutoka Sudan na Zaire, wakashika Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Watu wakakimbia, wengine Aru na Ariwara upande wa Zaire, wengine Yei upande wa Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo. Baada ya hapo nani angethubutu kubaki?

Wengi walikaa nje miaka kadhaa, watoto wakazaliwa huko. Halafu mwaka 1986 vita ya Sudan ikawafikia waliokuwa kwenye makambi ya Sudan, wakarudi mbio. Siku ya kurudi hawakuichagua wao.

Sasa, walirudi na haki gani? Hati za ardhi wengi hawakuwa nazo. Ardhi ya huku ni ya kimila, ya ukoo. Nyumba zilikuwa zimechomwa, majani yameota kila mahali. Kilichobaki ni makaburi ya wazee, miti iliyopandwa, vijito, na majirani waliojua mpaka unapita wapi. Kukaa nje hakukufuta jina la mtu kwenye ukoo wake. Lakini tusidanganyane, mambo hayakwenda sawa kwa wote. Mjane au yatima asiye na mtu wa kumsemea alibanwa. Shahidi akifa, haki ya kimila inayumba.

Linganisha na Wahindi waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 tu. Wao walikuwa na maduka na hati, wakaviacha. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu kudai mali zao, na wengine walirudishiwa. Kwao karatasi ilisema baada ya miaka mingi. Kwa watu wa West Nile walisema wazee na makaburi. Mwenye vyote viwili ndiye aliye salama zaidi.

Baadaye Katiba ya 1995 iliitambua ardhi ya kimila. Pia ilisema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa, hata kama amezaliwa nje, ikiwa mzazi, babu au bibi yake mmoja alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa. Walugbara na Wakakwa wametajwa humo kati ya jamii za asili za Uganda. Basi mtoto wao aliyezaliwa kambini Yei mwaka 1982 si mgeni Arua.

Tuje kwetu. Tusichanganye mambo. Hadhi ya ukimbizi, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inakoma ukirudi kwenu kuishi kwa hiari yako, au ukichukua uraia mpya na ulinzi wake. Lakini kusajiliwa hapa hakukuondolei ukoo wala shamba la nyumbani. Na ukipelekwa Marekani, ukapata ukaazi wa kudumu, sheria ni nyingine kabisa: kukaa nje zaidi ya mwaka 1 bila kibali cha kurudi kunaweza kukupotezea ukaazi huo, na kibali unakiomba kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo tuanze leo. Kaa na mama au mzee wako, andika majina ya babu zako, ya kijiji, ya majirani wa pande zote nne, na alama za mpaka. Andika na majina ya dada zako pia, wasije wakasahaulika. Hakikisha mtoto aliyezaliwa hapa ana cheti. Karatasi zote zipige picha, mtumie ndugu mmoja.

Mwaka 1980 watu wa Koboko walivuka mpaka kwenda, leo sisi tumevuka kuja. Wao walirudi, na kulikuwa na mtu wa kuwaonyesha mpaka. Kwenu, anayeujua ni nani, na bado yuko hai?