Jina na Mwendo

Mwaka 2002 kampuni ya Konami ya Japani ilipotoa mchezo wa Pro Evolution Soccer 2 kwa ajili ya PlayStation 2, haikuwa na haki ya kutumia majina ya Waholanzi. Basi wakaitwa Oranges001, Oranges002 na kuendelea, mithili ya mahabusu. Hata hivyo mwendo haukufichika: aliyemzoea Kluivert uwanjani alimtambua kwa umbo na mbio zake. Uhalisia huo, kwa maoni yangu, wapita ule wa jezi. Lakini wapenzi wa mchezo hawakuridhika (nani huridhika na namba?). Waliketi wakaandika majina ya kweli, herufi kwa herufi, wakayahifadhi katika kadi ya kumbukumbu. Kadi ikipotea, Uholanzi nzima hurudi kuwa namba.