Kungwi, Somo na Kikosi: Makundi ya Wasichana katika Historia ya Afrika ya Mashariki

Wanahistoria na wanaanthropolojia walioandika juu ya unyago, yaani mafunzo na ngoma anazochezwa msichana aliyevunja ungo, kwa kawaida wameshughulika zaidi na yale yaliyofundishwa ndani: usafi wa mwili, adabu mbele ya wakwe, siri za ndoa na ulezi. Suala la nani alikaa na mwali, na mwali alitoka ndani akiwa na nani, limepewa nafasi ndogo, ingawa ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini desturi hii ilidumu. Audrey Richards, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeshuhudia mwaka 1931 chisungu, sherehe ya Wabemba wa Zambia ya leo inayofanana na unyago, alibainisha katika kitabu chake cha mwaka 1956 kwamba wasichana walifundishwa kazi za shamba na za jikoni walizokuwa wakizifanya tangu utotoni. Ujuzi walikuwa nao. Walichokosa ni kutambuliwa na wanawake kuwa sasa wamo katika safu yao, na utambuzi wa namna hiyo mama hawezi kuutoa peke yake nyumbani.

Katika pwani ya Waswahili kazi hiyo iligawanywa. Kungwi ni mwanamke mzima anayeongoza mafunzo na ngoma. Somo ni mwandani aliyekabidhiwa binti ili amfunde na kumsikiliza, na kwa desturi hakuwa mama mzazi, kwa kuwa haya iliyopo kati ya mama na bintiye iliwafunga midomo wote wawili katika mambo ya mwili na ya mapenzi. Mpango huo una busara ambayo wataalamu wa afya ya akili wa leo wangeitambua bila kuelezwa: binti anayeingiwa na hofu juu ya mwili wake au ndoa yake huhitaji mtu mzima wa kumweleza, aliye karibu kiasi cha kuaminiwa lakini aliye mbali kiasi kwamba neno likisemwa kwake halizui ugomvi wa nyumba.

Unguja ndiko nguvu ya makundi ya unyago ilikoonekana wazi zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa, au waliozaliwa na watumwa, walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, wakiwa hawana ukoo wa kuwatetea wala wazee wa kuwaozesha. Asili zao zilikuwa mbalimbali: Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo, kila kabila na mila yake ya kumtoa mwali. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha kwamba katika miongo iliyofuata mila hizo zilichanganyika zikawa unyago mmoja wa Kiunguja, ambamo wasichana wa asili tofauti waliwekwa chini ya kungwi mmoja na kutoka wakiwa ndugu wa hiari. Ni vigumu kutaja mfano bora kuliko huo wa kundi la wasichana lililojenga udugu pale ambapo biashara ya watu ilikuwa imeuvunja. Bi Kidude, ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka na aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwa wanawake wengi wa Unguja alikuwa kwanza mwalimu wa unyago.

Haifai, hata hivyo, kuupaka unyago rangi ya asali. Mwali alitishwa na kufanyiwa kejeli, alifundishwa kustahimili mengi ambayo hakupaswa kuyastahimili, na asiyechezwa alidhihakiwa na rika lake. Faraja ya aliye ndani na upweke wa aliye nje vilitoka katika kundi lile lile.

Utawala wa kikoloni ulileta kundi la namna nyingine. Chama cha Girl Guides, yaani skauti wa kike, kilianzishwa Uingereza mwaka 1910 chini ya Agnes Baden-Powell, baada ya wasichana kujitokeza wenyewe katika mkutano wa maskauti uliofanyika Crystal Palace, London, mwaka 1909. Kikafika Kenya mwaka 1920 na Tanganyika mwaka 1928. Sare, kiapo na kambi vimeandikwa sana, lakini jambo la maana zaidi lilikuwa kikosi kidogo cha wasichana sita hadi wanane kinachoongozwa na mmoja wao. Hapo ndipo chama kilipotofautiana na unyago, kwa kuwa uongozi ulishuka kutoka kwa mkubwa ukakabidhiwa hirimu. Upungufu wake ni kwamba kilifuata shule, na wasichana wasiosoma, ambao katika miaka hiyo ndio waliokuwa wengi, hawakukiona.

Ushahidi mzito kuliko wote wa nguvu ya kundi unatoka Meru, Kenya. Mwaka 1956, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maofisa wa serikali, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Katika miaka mitatu iliyofuata wasichana walikeketana wenyewe kwa wenyewe, kwa vikundi, wakitumia nyembe za dukani, na zaidi ya watu 2,400, wakiwemo wasichana hao pamoja na wazazi wao, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika. Harakati hiyo iliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe", na mwanahistoria Lynn Thomas ameichunguza kwa kina. Madhara ya ukeketaji hayana mjadala: damu kumwagika, maambukizo, matatizo ya uzazi. Lakini waliotunga katazo walidhani wanaondoa wembe tu, kumbe walikuwa wanaondoa pia njia pekee aliyoijua msichana ya kuingia katika rika lake, wala hawakuweka nyingine mahali pake. Mwenye miaka kumi na minne hakuweza kungoja mpaka wakubwa watafakari.

Nafasi hiyo ilikaa tupu kwa miaka arobaini. Mwaka 1996, huko Tharaka, karibu na Meru, familia zipatazo thelathini zilishirikiana na Maendeleo ya Wanawake, jumuiya ya wanawake ya Kenya, kuanzisha Ntanira na Mugambo, yaani kutahiriwa kwa maneno. Wasichana waliwekwa ndani kwa wiki moja, wakafundwa na wanawake waliochaguliwa, kisha wakatolewa hadharani kwa ngoma, zawadi na shangwe. Wembe haukuwepo; kundi, mlezi na mashahidi walikuwepo, na wazazi waliokuwa na wasiwasi walipata cha kuwaonyesha majirani.

Mijini na katika vijiji visivyo tena na makungwi, kazi imeangukia vilabu. Binti Pamoja, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika mtaa wa Kibera, Nairobi, kiliwapa wasichana mahali salama pa kukutana na kuzungumza mambo yasiyosemwa nyumbani. Nchini Uganda, shirika la BRAC lilifungua tangu mwaka 2008 vilabu vinavyokutana alasiri siku tano kwa wiki, chini ya mlezi ambaye ni dada mkubwa wa kijiji kile kile. Uchunguzi wa miaka minne uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba mimba za utotoni zilipungua kwa takriban theluthi moja katika vijiji vyenye vilabu hivyo, na idadi ya wasichana waliolazimishwa kufanya ngono ilishuka pia. Mlezi huyo anafanana na somo kwa ukaribu wake na kiongozi wa kikosi kwa umri wake. Asichokuwa nacho ni makamo ya kungwi, ambaye alibaki mtaani baada ya ngoma kwisha na kuitwa tena mwali wake alipojifungua, alipoachwa au alipofiwa, wakati klabu huishi kadiri ufadhili wake unavyoishi.