Makumbusho ya Skinningrove na Maisha ya Wachimba Mawe ya Chuma

Mwaka 1983, katika bonde jembamba la Skinningrove, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, watu walianza tena kuingia katika mgodi wa Loftus, uliofungwa tangu 1958. Safari hii walikata tiketi. Makumbusho yaliyozinduliwa hapo yalipewa jina la Tom Leonard, mwandishi wa habari wa eneo hilo.

Mahali palistahili. Skinningrove ndiko uchimbaji wa mawe ya chuma wa eneo hilo la Cleveland ulikoanzia mwaka 1848. Miaka miwili baadaye John Vaughan na John Marley waligundua tabaka nene zaidi kwenye vilima vya Eston, na pakawa hapatoshi. Middlesbrough, mji wa karibu uliokuwa na watu 25 tu mwaka 1801, ulikaribia watu 40,000 kufikia 1871. Vibarua walimiminika kutoka Cornwall, Norfolk, Wales na Ireland. Kitongoji kimoja cha Eston kiliitwa California, kwa kuwa habari za dhahabu ya huko ndizo zilizokuwa midomoni mwa watu. Migodi ikazidi 80, na mwaka 1883 ilitoa zaidi ya tani milioni 6.

Matajiri wa chuma hawakusahauliwa. Vaughan na mshirika wake, Henry Bolckow, wana sanamu zao Middlesbrough. Makumbusho haya yalijipa kazi nyingine: kueleza mtu aliyeingia chini asubuhi alishinda akifanya nini.

Alikuwa na mwenzake, maana kazi ilikwenda kwa jozi. Mshumaa wa shahamu ulibandikwa ukutani kwa donge la udongo. Kwa tarimbo refu, walilipigiza jiwe mpaka likatoboka tundu la kina cha mkono mzima na zaidi. Baruti ilisukumwa hadi mwisho wa tundu, ikachomekwa sindano ndefu ya shaba, kisha udongo ukashindiliwa kuizunguka. Sindano ikichomolewa huacha kijia chembamba cha kupitishia utambi. Kwa nini shaba? Kwa sababu chuma kikikwaruza jiwe hutoa cheche. Wapo waliotumia chuma hata hivyo, na ilibidi sheria ya migodi ya 1872 iwapige marufuku.

Utambi ukiwashwa, wote hukimbilia pembeni. Baada ya mlipuko, huku moshi bado unakereketa koo, mtu hurudi kugonga dari kwa tarimbo na kusikiliza: likilia kama kengele, salama, likitoa sauti ya mtungi mtupu, kaa mbali. Ndipo huanza kupakia mawe kwa beleshi. Kila kigari kilitundikwa kibati chenye namba ya jozi, kwa maana malipo yalikuwa kwa tani, na kigari kisicho na kibati ni jasho la bure. Baruti na mishumaa walinunua wenyewe, kwa hiyo mtu alianza kazi akiwa tayari ana deni. Si ajabu kwamba sheria hiyohiyo ya 1872 iliyowapa haki ya kumweka mtu wao kwenye mizani ilipita mwaka uleule walipounda chama chao cha wachimbaji wa Cleveland.

Watoto nao walikuwamo. Mvulana alikaa peke yake gizani kufungua na kufunga mlango wa hewa kila farasi alipopita na vigari. Akikua, alikabidhiwa farasi.

Hatari kubwa ilikuja mwishoni. Mwamba ulichimbwa kwa kuacha nguzo za mawe zishikilie dari. Eneo likiisha, wachimbaji walirudi nyuma wakizikata nguzo zilezile na kuliacha dari lishuke nyuma yao. Kifo kilichukua mmoja mmoja, bila kelele za magazeti. Msiba wa watu wengi kwa mpigo haukuwa wa kawaida, lakini ulikuwapo: mwaka 1953 mlipuko wa gesi huko Lingdale uliwaua wanaume wanane.

Kilichoimaliza kazi hii ni hesabu. Mawe ya Cleveland yana chuma takriban asilimia 30 tu, na meli zilileta mawe bora kutoka nje. Eston ilifungwa 1949, na North Skelton, wa mwisho, mwezi Januari 1964.

Makumbusho yenyewe yamepitia majina matatu. Kutoka lile la Tom Leonard yakawa Makumbusho ya Uchimbaji wa Mawe ya Chuma ya Cleveland, na baada ya ukarabati mkubwa yakafunguliwa upya mwaka 2022 kwa jina linalomaanisha Nchi ya Chuma. Ni jina la kuvutia watalii, sina ugomvi nalo, ingawa ningependa mchimbaji aonekane kibaoni. Wanaojitolea wamekuwa wakiwaingiza wageni mgodini na kuwasikilizisha mlipuko wa kuigiza. Kijana aliyetoka North Skelton siku ya mwisho akiwa na miaka 17 sasa anakaribia 80, na wenzake waliokuwa watu wazima wamekwisha pungua. Kurekodi sauti za waliobaki ndiyo kazi isiyoweza kungoja ukarabati mwingine.