Mtoki na limfu

Kidonda cha mguuni kikiingiwa na vijidudu, kinena huvimba: huo ndio mtoki. Vitabu vya biolojia huandika "tezi za limfu", na wengi hudhani ni mambo mawili. Sivyo. Mtoki ni tezi hiyo hiyo, imevimba kwa kupambana na vijidudu.

Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu. Mishipa yake huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi yachujwe, kisha huyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Limfu haisukumwi na moyo, bali na misuli tunapotembea na kubana kwa mishipa yenyewe. Minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, huiharibu mishipa hiyo.

Mtoki usiopungua kwa wiki kadhaa, usiukande, nenda hospitali.