Sauti Kutoka Cairo

Mfalme wa zamani aliyetaka kuingia katika nchi ya mwenziwe alihitaji majahazi na askari. Misri ilipata njia nyepesi zaidi. Tarehe 4 Julai, 1953, ilianza kutangaza Sauti ya Waarabu, kipindi cha nusu saa kwa siku, ambacho baadaye kilikua kikawa stesheni kamili iliyosikika tangu Moroko hata Ghuba. Mwaka wa 1954 Cairo ikaanza kusema na Afrika ya Mashariki kwa Kiswahili, Kenya ingali katika hali ya hatari. Na mwaka wa 1957 BBC nayo ikafungua matangazo yake ya Kiswahili.

Mtangazaji mkuu, Ahmed Said, hakusoma habari kama karani asomavyo hesabu. Alilaani, alisihi, alipaza sauti. Habari zikafuatana na nyimbo za Umm Kulthum na hotuba za Gamal Abdel Nasser, hata msikilizaji asijue habari imekoma wapi na hamasa imeanza wapi. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, maana redio moja ya mkahawani ilitosha watu wengi. Wala mbegu hiyo haikuanguka juu ya mwamba: ukoloni ulikuwapo, na machungu yake yalikuwa ya kweli.

Uingereza ilitambua nguvu hiyo. Mnamo Novemba 1956, katika vita vya Suez, mitambo ya redio ya Misri huko Abu Zaabal ilipigwa mabomu. Redio ya Damascus ikatangaza kwa jina la Cairo.

Lakini lililoshindwa na bomu lilifanywa na uwongo. Tarehe 5 Juni, 1967, Israeli iliteketeza kwa saa chache sehemu kubwa ya ndege za vita za Misri zikiwa bado chini viwanjani. Siku hiyo hiyo Sauti ya Waarabu ilihesabu makumi ya ndege za adui zilizoangushwa, na watu wakashangilia. Tarehe 9 Juni Nasser mwenyewe alitangaza kujiuzulu. Imani iliyojengwa kwa miaka 14 ikabomoka kwa siku nne.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hasara kubwa, hata hivyo, haikumwangukia mtangazaji. Iliwaangukia wasikilizaji, ambao dai lao la haki lilikuwa limebebwa na sauti ile ile. Na tangu siku hiyo, hata iliposema kweli, wengi walitafuta kwanza stesheni nyingine ya kuithibitisha.