Je, Sheria ya Talaka Huvunja Ndoa? Mfano wa Uganda

Kwetu Uganda husemwa mara nyingi kwamba ndoa za siku hizi zinavunjika kwa sababu sheria imerahisisha talaka. Katika insha hii nitalipima dai hilo kwa kuangalia historia ya sheria yenyewe.

Sheria ya Talaka ililetwa na serikali ya kikoloni mwaka 1904, ikifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1857. Mume aliyetaka talaka alitakiwa kuthibitisha tu kwamba mkewe alizini. Mke naye, hata mumewe akizini, ilimbidi athibitishe kosa jingine juu yake, kwa mfano ukatili au kutelekezwa kwa miaka miwili. Uingereza iliondoa tofauti hiyo mwaka 1923. Sisi tulipata uhuru mwaka 1962, lakini tuliendelea nayo hadi mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba inapingana na usawa wa mume na mke.

Basi kwa miaka mia moja talaka ilikuwa ngumu, hasa kwa mwanamke. Je, ndoa zilikuwa salama? Tukumbuke kwamba ndoa nyingi hufungwa kimila, na huko kufuli lilikuwa mahari. Katika jamii nyingi, mke akiondoka wazazi wake walidaiwa warudishe ng'ombe. Mara nyingi ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kutumika, pengine kumwozea kaka yake. Kwa hiyo aliambiwa avumilie, arudi kwa mumewe. Ni mwaka 2015 tu ambapo Mahakama ya Juu ya nchi yetu ilisema kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kipigo, ulevi, umaskini, uzinzi na lawama za kukosa watoto viliharibu ndoa hizo kabla hakimu hajaitwa. Sheria na mila zilimzuia mtu asitoke; mapenzi hazikuweza kuyarudisha.

Hata hivyo, sheria ina sehemu yake. Jirani zetu wa Tanzania walitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971. Kwa kawaida wanandoa hupitia kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama huuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia. Tangu hapo mke asiye na mshahara aliweza kudai sehemu yake.

Kwa maoni yangu, ndoa huvunjwa na wanandoa wenyewe na shida zinazowazunguka. Sheria huamua nani ataweza kutoka, na atatoka na nini mkononi. Anayetaka kupunguza talaka aanze na kipigo na umaskini, asianze na kufunga mlango.